Kuku Mzima wa Kuoka, Ndimu na Majani, na Firigisi ya Mzee

Swali ninaloulizwa zaidi na jamaa zetu waliohamia bara si la baridi wala la mvua. Ni la kuku. Mtu kazaliwa Kibokoni, kapelekwa kazi Kitale au Bungoma, ananunua jogoo mzuri sokoni, anamchemsha vile vile alivyomwona mamake akichemsha, saa nzima inapita, ya pili inapita, na nyama bado inavutika kama mpira wa baiskeli. Hapo anapiga simu: "Dada, kuku wa huku wana nini?"

Kuku wa huku hawana ila. Mimi naishi Kitale mwaka wa sita sasa, kwa sababu ya kazi ya mume wangu, na kabla ya hapo nilisomea diploma ya upishi na kufanya kazi jikoni mwa hoteli za pwani. Kwa hivyo wacha niseme ninayoyajua, kisha nieleze njia ninayoipendekeza kwa yeyote aliye na wageni wa heshima: kuku mzima, aokwe nyumbani kwa ndimu, chungwa na majani ya kunukia. Najua wengi wetu tunamwona kuku huyo kuwa ni chakula cha hotelini, au cha sikukuu za wengine. Lakini bibi zetu waliopalia makaa juu na chini kuoka mkate wa sinia walikuwa na tanuri tayari. Walichokosa ni sababu ya kumtia kuku humo.

Tuanze na kwa nini kuchemsha kunasumbua. Mombasa tuko usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya bahari, chini ya mlima Elgon. Hapo hewa ni nyepesi, haiyagandamizi maji kama kwetu, na maji yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi. Bungoma iko chini zaidi, kama mita 1,400, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 95. Ukiongeza kuni na makaa, hayazidi hapo. Yanapungua tu sufuriani. Nyuzi tano au sita zaonekana ndogo, lakini ile mishipa migumu inayoshika nyama ya kuku aliyetembea huyeyuka polepole zaidi joto likipungua. Ndiyo sababu maharagwe ya huku yanakula makaa, na ndiyo sababu nyumba nyingi zina sufuria ya presha. Presha inafungia mvuke na kuyarudisha maji kwenye joto la pwani na kulipita.

Tanuri haijali mwinuko. Nyuzi 200 za Kitale ni nyuzi 200 za Mombasa. Kuku mchanga akiokwa vizuri ataiva kwa muda ule ule ambao angeivia kwenu Majengo. Neno lenyewe ni hilo, "mchanga", na hapo ndipo wengi wanapoharibu pesa zao.

Ukienda soko la Kitale, au ukiteremka Bungoma hadi soko la Chwele ambako kuku huletwa kwa matenga kutoka vijijini, utakuta aina tatu. Kuna wa gredi, mweupe, mnene, wa wiki sita hivi. Kuna wa kienyeji halisi. Na kuna yule wa katikati wanayemwita kienyeji aliyeboreshwa, anayekua haraka kuliko mwenziwe wa kijijini. Wote wanaokwa, ila jogoo mkubwa mwenye mkia wa fahari, yule anayekuvutia macho, humtaki. Huyo ana miaka. Unamtaka pora, jogoo wa miezi minne au mitano ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuwika, au temba ambaye hajaanza kutaga. Mshike. Tazama kipi, ile kucha ya nyuma ya mguu: kwa kuku mchanga ni kidoto kidogo, kwa mzee ni pembe. Kisha bonyeza ncha ya mfupa wa kidari upande wa tumboni. Ikipinda kama sikio lako, mchukue. Ikiwa ngumu kama ukingo wa sahani, mwache, au mchukue kwa ajili ya supu.

Mwenye kuuza hatapenda ukimbonyeza kuku wake. Bonyeza hivyo hivyo, kwa adabu.

Agosti ya miaka ya shufwa, kama 2024 na 2026, Wabukusu wana msimu wa tohara, na nyumba zenye watahiriwa hupokea wageni kutwa kucha. Ukitaka kuku wazuri wakati huo, wanunue mapema uwafuge mwenyewe kwa wiki mbili.

Sasa la kuchinja, na hapa sitapita haraka, kwa sababu nimeona udugu ukikatika kwa jambo hili.

Mdogo wangu ameolewa Bungoma. Mumewe ni Mbukusu Mwislamu. Baba mkwe wake ni mzee wa kanisa, mtu mpole, mwenye shamba la mahindi na miwa. Mwaka wa kwanza wa ndoa ile, kila tukialikwa kwa Mzee, jamaa zetu kutoka pwani walikuwa wakipata udhuru. Huyu ana homa, yule gari limeharibika. Ukweli ni kwamba walikuwa wakiogopa nyama na wakaona haya kusema. Mzee naye alikuwa akijua. Kwa Wabukusu kuku, engokho kwa lugha yao, ndiye heshima ya mgeni. Mgeni akitiwa kuku na asimle, maana yake ni nzito. Mzee alipokataliwa kuku mara tatu hivi, hakugomba. Aliacha tu kualika.

Aliyelitatua ni shemeji yangu. Alimwendea babake akamweleza mambo manne bila kuzunguka: kisu kiwe kikali, koo la pumzi na umio vikatwe vyote, mchinjaji awe Mwislamu na alitaje jina la Mwenyezi Mungu, na kuku asitiwe kwenye maji moto mpaka awe amekata roho kabisa. Mzee akauliza, "Ni hayo tu?" Tangu siku hiyo jogoo wa wageni hufungwa kamba chini ya mwembe, akisubiri mwanawe au yeyote miongoni mwetu afike. Wanavyuoni wana maneno yao kuhusu chakula cha Ahlul-Kitab, na aya ya tano ya Suratul-Maida inajulikana. Hayo nawaachia wao. Ninachosema mimi ni kwamba nusu ya udhuru tunaowapa jirani zetu wa bara ungekwisha kama tungesema tunachohitaji. Huku kumwita Mwislamu achinje kwenye arusi au matanga ya wasio Waislamu ni jambo la kawaida, ili kila mgeni ale. Na tusijione wageni sana: wafanyibiashara Waswahili walifika Mumias, kwa Nabongo, tangu karne ya 19, na Uislamu wa magharibi ya Kenya ukapata mizizi hapo. Kitale kwenyewe inasimuliwa palikuwa na kituo cha misafara ya watumwa, na hiyo ni sehemu ya habari zetu tusiyopenda kuisimulia tukiwa mezani.

Ukinunua kuku aliyekwisha kunyonyolewa dukani, tafuta alama ya halali kwenye mfuko, kama ile ya Kenya Bureau of Halal Certification, au ununue kwa mtu unayemjua.

Kwa kuku wa kuoka mzima, kunyonyoa nako kuna kunga, maana ngozi ndiyo nguo yake. Maji yanayotokota yanaipika ngozi kabla ya wakati, na ukivuta nyoya inachanika. Changanya vikombe vitatu vya maji yanayochemka kwa viwili vya baridi, mzamishe kuku kama dakika moja, ukimgeuza, kisha jaribu unyoya mkubwa wa bawa. Ukitoka bila kupigana, mtoe. Mpasue kidogo tu upande wa nyuma, utoe matumbo. Firigisi, ini na moyo viweke kando, na usivitupe wala kuwapa paka, tutavihitaji.

Kuosha. Sisi wa pwani tunamsugua kuku kwa ndimu, chumvi na wengine kwa unga, na tunaona tumeua kila kidudu. Ndimu inaondoa utelezi na shombo, basi. Vijidudu vya kuku vinauawa na moto. Na ukimweka chini ya bomba linalomiminika, matone yanaruka mpaka kwenye kachumbari iliyo kando. Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema kuku asioshwe kabisa. Kwa kuku aliyechinjwa uani, mwenye damu na manyoya, naona ushauri huo ni mgumu kufuata. Basi mwoshe ndani ya karai, taratibu, mbali na vyakula vingine, umwage maji yale, kisha osha karai, ubao, kisu na mikono kwa sabuni. Halafu, na hili ndilo wengi hawafanyi, mkaushe kwa kitambaa safi, ndani na nje, mpaka ngozi isikwame tena vidoleni. Ngozi yenye maji haiwi ya dhahabu; inatumia moto wote kukausha maji hayo kwanza.

Chumvi itangulie viungo vingine vyote. Kwa kuku wa kilo moja na nusu chukua vijiko viwili vya chai, umpake kote, na zaidi kwenye kidari na mapaja. Ukiwa na friji mwache humo bila kumfunika mpaka asubuhi. Mwanzoni utaona chumvi imetoa maji. Ukirudi baadaye maji yale yamerudi ndani yakiwa na chumvi, na ngozi imekauka kama karatasi. Ukiwa huna friji, saa moja au mbili mahali pa baridi zinatosha. Baridi ya usiku wa Kitale isikudanganye kwamba ni friji.

Sasa ndimu, na hapa nitagombana na wengi. Mazoea yetu ni kumlowesha kuku kwa maji ya ndimu usiku kucha. Kwa mishikaki iliyokatwa vidogo, dakika chache, sawa. Kuku mzima akilala ndani ya ndimu, ukali ule hauingii ndani. Unakaa juu, unaipika nyama ya nje bila moto, na ukimwoka inakuwa ya chokaachokaa, kavu, huku ndani hamna hata harufu. Harufu ya ndimu haimo kwenye maji yake. Imo kwenye ganda, katika vile vitone vya mafuta unavyoviona ukilibana ganda karibu na moto wa mshumaa, vikalipuka. Kwa hivyo kwaruza ganda la nje, lile la rangi tu, usifike kwenye weupe kwa kuwa weupe ni uchungu mtupu. Changanya ganda hilo na samli, na maji ya ndimu uyaweke mpaka mwisho.

Tunda gani? Ndimu ina ukali mkavu. Limau ni pole zaidi na ganda lake lina mafuta mengi. Huku Kitale nyumba nyingi zina mlimau uani, na jirani atakupa bure. Chungwa linaleta utamu na rangi, lakini sukari yake inaungua upesi, basi litumie kidogo juu na kwa wingi ndani ya tumbo. Usilikatae chungwa la kijani ukilikuta sokoni Bungoma, ambako mengine huvuka mpaka kutoka Uganda. Chungwa hugeuka rangi likipata baridi ya usiku, na sehemu za joto huiva likiwa kijani vile vile. Hata ya Muheza tunayokula Mombasa ni hivyo. Lakini bora ya yote kwa kazi hii, kwa maoni yangu, ni danzi. Danzi letu la pwani, chungu na kali, ambalo watoto wa siku hizi hawalijui ila kwenye achari. Ganda lake lina harufu ambayo chungwa na ndimu haziifikii. Nikienda Mombasa narudi na mfuko wa madanzi kama wengine wanavyorudi na viatu. Ukikosa, nusu chungwa na nusu limau vitakaribia.

Na majani. Mombasa ningesema kotmiri, nanaa na mrehani, lakini haya ni majani laini. Kwenye tanuri ya saa nzima yanakuwa masizi. Yaweke ya kunyunyizia mwishoni au ya kachumbari. Kwa moto mrefu unataka majani magumu yenye mafuta, na hapa ndipo bara inapotushinda. Kitale, rosemari inapandwa kama ua wa bustani. Watu wanaikata kwa panga na kuitupa. Zaatari, ile tuliyochemshiwa utotoni tukishikwa na kifua, inaota vizuri kwenye mkebe dirishani. Chukua vijiti viwili vya rosemari na si zaidi, kwa sababu ikizidi kuku ananuka dawa ya nondo. Kijiti kimoja katakata laini, kingine kiache kizima. Bua la mchaichai lililopondwa linaingia tumboni pia. Kitunguu thomu punje sita, pilipili manga ya kuponda, kipande cha tangawizi. Bizari za pilau zisikaribie hapa. Hiki ni chakula kingine.

Samli vijiko vitatu vya mezani, laini, ichanganye na ganda lile, rosemari iliyokatwa, zaatari, thomu na pilipili manga. Ingiza vidole taratibu kati ya ngozi na nyama ya kidari, kuanzia upande wa shingo, upate mfuko. Mchanganyiko mwingi upite humo. Uliobaki mpake juu. Nachagua samli na siyo siagi kwa sababu siagi ina maji na maziwa, na maziwa yale yanaungua. Tumboni weka maganda ya limau au danzi uliyokwisha kukamua, mchaichai na kile kijiti kizima. Usimshindilie. Hewa moto lazima ipite ndani, la sivyo nje ataungua na ndani abaki mbichi. Funga miguu kwa uzi, bawa likunje nyuma.

Mwenye oveni, ipashe moto nyuzi 200, mweke kuku kwenye sinia juu ya vipande vya viazi na vitunguu, kidari juu. Baada ya nusu saa punguza hadi 180. Kuku wa kilo moja na nusu atachukua saa moja na robo, au nusu saa zaidi ya saa moja. Mara mbili mmwagie mafuta yake kwa kijiko. Kidari kikiwahi kuwa cheusi, mfunike kwa karatasi ya foili.

Asiye na oveni asihuzunike. Tafuta sufuria nzito, pana, yenye mfuniko bapa usiopitisha majivu. Chini tandaza kokoto safi au mchanga, juu yake kisahani cha bati au vipande vya viazi vinene ili kuku asiguse chini. Jiko lenye makaa machache yaliyokolea chini, na makaa mengi zaidi juu ya mfuniko. Ni ile ile ya mkate wa sinia: moto wa juu uzidi wa chini. Kila nusu saa palia upya, na usifunue ovyo, maana kila ukifunua unatoa joto ulilolilipia. Saa moja na nusu hivi. Fanya kazi hii uani, au kwenye jiko lenye mlango na dirisha wazi. Kitale kukiwa na baridi ya Julai watu huingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Hewa ya makaa haina harufu wala haiwashi macho, nayo inaua watu wakiwa usingizini. Kwetu pwani nyumba zina matundu na upepo hatukufundishwa kuiogopa. Huku iogope.

Ukimpata jogoo mzee kwa lazima, kwa mfano umezawadiwa na huwezi kukataa, mtie kwanza kwenye presha na tangawizi na chumvi kwa dakika 25 hadi 30, mtoe, mkaushe sana, mpake mchanganyiko, kisha moto mkali nusu saa apate rangi. Hatakuwa sawa na pora, ila ataliwa, na supu yake ni ya ajabu.

Kujua ameiva: toboa paja pale panaponenepa, karibu na kiungo. Maji yakitoka meupe, na mguu ukichezacheza ukiutikisa, yuko tayari. Kuku wa kienyeji wakati mwingine huwa na wekundu karibu na mfupa hata akiwa ameiva, kwa hivyo anayeweza anunue kile kipima joto cha jikoni. Kichome ndani ya paja bila kugusa mfupa. Kikisema 74, mtoe. Usimkate papo hapo. Robo saa apumzike, maji yatulie ndani ya nyama. Wakati huo ndipo ukamue maji ya danzi au limau juu yake, na mafuta ya siniani uyachemshe kidogo yawe mchuzi.

Turudi kwa firigisi. Kwa Waluhya firigisi, imondo wanavyoiita wengi wao, ni ya baba mwenye nyumba au ya mgeni mkubwa. Na kuku akiletwa mezani, vipande vinahesabiwa kwa macho. Kikikosekana kimoja, mgeni anajua. Zamani, wazee wa huku watakwambia, mwanamke hakula kuku kabisa. Alimfuga, akampika, akampakulia mwanamume. Hilo limekwisha katika nyumba nyingi, lakini firigisi haijaisha. Sasa wewe unamleta kuku mzima wa kuoka, mzuri kama picha, na tumboni hamna kitu ila maganda ya limau. Mzee atafurahia harufu, atakushukuru, na moyoni atauliza iko wapi.

Idd iliyopita Mzee alipokuja Kitale, mara ya kwanza kukanyaga kwetu, nilichemsha firigisi, ini na moyo kwa presha, nikamalizia kwa samli na kitunguu thomu, nikavipanga kwenye kisahani kidogo peke yake. Kuku alipofika mezani akiwa mzima, kile kisahani kilitangulia mbele yake. Alikitazama, akamtazama mwanawe, akacheka. Akaniambia, "Mama, nani alikufundisha?" Nikamjibu ni mkwe wake. Akaichukua firigisi, akaikata mara mbili kwa kisu cha mezani, na kipande kimoja akamwekea mdogo wangu kwenye sahani yake. Shemeji yangu alibaki ameshika glasi ya maji bila kunywa. Mama mkwe hakusema neno, lakini mkono wake ulikwenda kwenye bawa kabla ya wanaume wengine hawajapakua.

Kumkata ni kazi nyepesi. Paja na mguu kwanza, kwa kufuata kiungo na siyo kwa kuvunja mfupa, kisha mabawa, kisha kidari ukikifuata kisu kando ya mfupa wa katikati, kishuke kizima, ndipo ukikate vipande vya unene wa kidole. Mle na viazi vilivyonywa mafuta, kachumbari yenye kotmiri, na wali wa nazi kama umebeba nazi kutoka nyumbani. Mzee alitaka ugali, busuma, na kwa kweli ule mchuzi wa danzi unakwenda na ugali kuliko nilivyotarajia.

Mifupa msiitupe. Itie kwenye presha usiku huo huo pamoja na shingo, miguu iliyosuguliwa, bua la mchaichai na chumvi, dakika 40. Asubuhi chuja, kamulia ndimu, na kama mgeni amelala kwenu mpe kikombe kabla hajashika barabara ya Kiminini na Kamukuywa kurudi Webuye hadi Bungoma.